Mbwa anajikuna: maji ya chumvi, oti, mkilifi, mafuta ya nazi au dawa ya duka?

Kaskazi inapokaribia kuisha, Machi hivi, upepo hukatika na Malindi huwa kama tanuri. Wazee huuita wakati huo maleleji. Ndipo mbwa wanapoanza. Kwanza unasikia usiku: mguu wa nyuma unapiga sakafu ya baraza, du-du-du-du, mwenyewe anajikuna shingo. Asubuhi unamlaza chali na kukuta harara nyekundu kwapani na kwenye kinena, pale ambapo manyoya ni haba. Unatoka nje kuuliza, na kila mtu ana dawa yake. Mzee wa jirani anasema bahari. Mama wa mboga anasema mkilifi, yaani mwarobaini. Kijana wa bodaboda anasema oili chafu, na mwenye nyumba aliyeko Italia anatuma ujumbe wa sauti kwamba mbwa aogeshwe kwa oti, ile nafaka ya uji.

Mimi ni mtunza nyumba upande wa barabara ya Casuarina, mwaka wa 11 sasa, na nina mbwa watatu mkononi: Pippo, Luna na Tomi. (Wawili wa kwanza walipewa majina na wageni, Tomi nimempa mimi.) Karibu vyote nitakavyovilinganisha hapa nimevitumia kwa mikono yangu, na kimoja kikaniharibia. Kwa Pippo nilijifunza kwamba kuuliza "dawa gani ni nzuri" hakukufikishi popote. Uliza hivi: ngozi hii ni mbichi au ni kavu? Na mbwa akilamba nilichompaka, itakuwaje? Maana atalamba.

Mgeuze kwanza

Kaa naye kivulini dakika tano kabla hujachemsha chochote.

Pitisha kidole pale anapojikuna. Pakinata, pakitoa maji, manyoya yakiwa yamegandana, hiyo ni ngozi mbichi. Pakiwa na magamba meupe yanayopukutika kama unga wa muhogo, ni kavu. Wekundu mtupu, bila hili wala lile, ni harara changa, na ndiyo inayotulia kwa urahisi kuliko zote.

Kisha chukua tishu nyeupe, ilowanishe, chana manyoya ya juu ya mkia kwa kitana chenye meno ya karibu na upukutishe uchafu juu ya tishu. Vumbi jeusi likiyeyuka na kuacha doa la rangi ya kutu, hayo ni mavi ya viroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kupita tumboni mwao. Hapo hata umwogeshe kwa marashi, kesho atajikuna tena. Viroboto unaowaona mwilini ni wachache. Mayai na mabuu yako kwenye gunia analolalia na kwenye nyufa za baraza.

Jambo la tatu watu wengi hawalijui. Ukiona vidoa vyekundu vidogo kama vya ncha ya sindano tumboni, bonyeza juu yake kwa glasi ya kioo ukiangalia kupitia humo. Harara hufifia chini ya glasi. Vidoa visipofifia, hiyo ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na kwetu pwani jambo la kwanza la kushuku ni homa ya kupe, inayoletwa na yule kupe wa kahawia anayejificha hadi kwenye nyufa za ukuta. Hiyo si kazi ya beseni. Ni daktari wa mifugo, siku hiyohiyo.

Wengine wa siku hiyohiyo: mbwa aliyevimba uso au midomo ghafla, anayepumua kwa shida, mwenye usaha au harufu ya kuoza, aliyekataa chakula, na mtoto wa mbwa ambaye bado ananyonya. Yule mwenye jipu lenye tundu katikati naye apelekwe, kwa sababu humo mna buu la nzi, na kulikamua vibaya likapasukia ndani ni kuongeza balaa. Na ukiona kingo za masikio na viwiko vimeota ukoko, huku na wewe mwenyewe unawashwa mikono na kiuno, huo ni upele wa utitiri. Unaambukiza watu, na hakuna kati ya haya ninayolinganisha litakalouponya.

Nimevipima kwa nini

Kila njia nimeiuliza maswali manne. Inatuliza ngozi ya aina gani? Mbwa akiilamba inakuwaje? Inataka maji, kazi na pesa kiasi gani hapa Malindi? Na inamfaa nani?

Kuhusu maji niseme mapema: maana yangu ni maji matamu, ya bomba yanayotoka Baricho au ya mtungi. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na ukianza na maji ambayo tayari yana chumvi, kipimo chochote nitakachokupa kitakuwa kimeharibika.

Na kuhusu vyombo: beseni la mbwa liwe lake, na kata yake, na taulo lake. Wengi wetu huku tunafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ukitenga vyombo tangu mwanzo hutagombana na mtu jikoni. Hata nyumba isiyo na hoja hiyo ya dini ina sababu ya kutenga, ukikumbuka habari ya upele wa utitiri.

Maji ya chumvi ya kupima

"Mpeleke baharini, mwanangu," mzee wa jirani aliniambia mwaka ule Pippo alipowashwa tumbo. "Chumvi huua kila kitu."

"Haya, mzee," nikajibu, nikampeleka ufuo wa Silversands siku tatu mfululizo. Siku ya nne harara iliyokuwa kavu ilikuwa mbichi, inanata, na Pippo anailamba usiku kucha hata manyoya ya paja yakageuka rangi ya kutu kwa mate.

Mzee hakusema uongo, alikosea kipimo. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Maji ya chumvi yanayolingana na ya mwilini yana gramu 9 tu. Hayo ya bahari ni karibu mara nne, kwa hiyo badala ya kutuliza yanainyonya ngozi, na yakikauka yanaacha chembe za chumvi na mchanga katikati ya manyoya, zinasugua kila anapotembea. Masika ndio usiseme: mto Sabaki ukishusha tope lake, bahari yetu inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mbwa akiinywa kwa wingi anatapika na kuharisha, na ikizidi sana anatetemeka hadi kupata degedege.

Ya kupima ni hivi. Chemsha nusu lita ya maji matamu, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, acha yapoe kabisa. Lowesha kipande cha leso kuukuu ya pamba, ikamue kidogo, iweke juu ya kipele kwa dakika tano hadi kumi. Usisugue. Ukiondoa, kausha kwa kugusagusa. Mara tatu au nne kwa siku, na maji mapya kila siku. Kama manyoya yamegandana juu ya kidonda, yapunguze kwanza kwa mkasi wenye ncha butu ili hewa iingie.

Hii ni ya ngozi mbichi: pale anapojitafuna hadi pakatoa maji, vidonda vidogo vya kucha, mkwaruzo wa miba. Inaosha, inapoza, inakausha, na haibaki kitu juu. Akilamba matone mawili matatu hakuna neno, ila usimwachie bakuli anywe. Gharama yake ni chumvi ya jikoni. Kazi yake ni kurudia, na hapo ndipo wengi huchoka siku ya pili. Inamfaa mtu anayeshinda nyumbani, au mtunza nyumba kama mimi. Kwa ngozi kavu yenye magamba haifai, itaikausha zaidi.

Maji ya oti

Kwa hili mwenye nyumba wangu hakukosea. Oti zina viini vinavyopunguza muwasho na ute unaotanda juu ya ngozi kama kinga, na ndiyo sababu hata shampuu nyingi za mbwa wenye muwasho zinatengenezwa nazo.

Ziwe tupu. Zile za paketi ndogondogo zenye sukari, zabibu kavu au chokoleti ziache, zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Zisage kwenye blenda hadi ziwe unga laini kabisa. Kipimo cha kujua kama umesaga vya kutosha ni hiki: tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya vuguvugu na ukoroge. Maji yakiwa meupe kama tui la pili na yakiteleza kati ya vidole, unga uko tayari. Chembe zikizama chini na maji yakabaki juu, rudisha kwenye blenda. Mara ya kwanza mimi niliona uvivu wa kusaga, nikamwaga kama zilivyo. Luna alikaa siku mbili akitembea na vipande vya uji uliokauka, kuku wanamfuata nyuma.

Kikombe kimoja cha unga kinatosha beseni la kuogeshea mbwa wa wastani. Maji yawe ya uvuguvugu unaokaribia ubaridi, kwa maana maji ya moto huamsha muwasho. Mmiminie kwa kata, ukandekande taratibu, akae nayo dakika kumi, kisha umsuuze na kumkausha vizuri.

Inafaa muwasho wa mwili mzima, harara changa, na ngozi iliyokauka. Nafuu yake si ya kudumu: saa kadhaa, siku moja, mbili ukibahatika. Katika usalama wa kulamba hakuna inayoizidi, ni chakula. Lakini usiimwage juu ya ngozi mbichi inayonata, ute utaganda pale na kuufungia unyevu ndani. Na mwezi wa Mei, mvua ikiwa ya kutwa, mbwa mwenye manyoya mengi asipokauka hadi kwenye ngozi utakuwa umemtoa kwenye muwasho mmoja na kumwingiza kwenye mwingine. Taulo mbili, si moja.

Kwa maji ndiyo yenye kula zaidi, ndoo mbili hadi tatu, na wiki ambayo bomba limekatika hutaithubutu. Oti nazo si bei ya sembe. Kuna aliyeniuliza kama unga wa sembe hauwezi kushika nafasi yake. Hauwezi, utapata mbwa mwenye ukoko na msafara wa sisimizi. Inamfaa mwenye maji, mwenye nusu saa, na mwenye mbwa anayependa kulamba kila kitu.

Mkilifi, yaani mwarobaini

Mti huu asili yake ni Bara Hindi, lakini umetuzoea hadi tumeupa jina la kwetu. Karibu kila ua una mmoja, na majani ni bure. Konzi mbili za majani mabichi, lita mbili za maji, chemsha robo saa, acha yapoe, chuja kwa kitambaa. Yanatoka ya kijani iliyofifia, machungu hata kwa harufu. Mmiminie baada ya kumwogesha, akae nayo dakika kumi, msuuze.

Mti huu una viini vinavyowavuruga wadudu, hilo ni kweli, na wakulima wanautumia shambani. Lakini maji ya majani ni hafifu. Yanaweza kupunguza muwasho wa kuumwa, hayamalizi viroboto walioko kwenye gunia wala hayamng'oi kupe aliyekwisha kujichimbia. Anayekuambia mkilifi unatosha peke yake kwa mbwa mwenye kupe, muulize mbwa wake ana kupe wangapi.

Sasa habari ya kulamba. Uchungu wake humfanya mbwa atoe mapovu mdomoni, ukamdhania ana kichaa. Maji ya majani kidogo hayamdhuru mbwa mkubwa mwenye afya. Mafuta ya mwarobaini ya chupa ni habari nyingine: ni makali, akiyalamba anaweza kutapika na kulegea, na paka ndio wanaumia zaidi. Mimi siyatumii kabisa. Mbwa mwenye mimba, anayenyonyesha, au watoto wa mbwa, waepushie hata hayo ya majani.

Jaribu kwanza sehemu ndogo ya paja la nje, subiri hadi kesho. Pakiwa pekundu zaidi, basi. Inamfaa mwenye mti na mwenye mbwa mzima mwenye afya anayewashwa kwa kuumwa na wadudu, ikiwa nyongeza juu ya dawa halisi ya viroboto.

Mafuta ya nazi

Hapa nitagombana na shangazi zangu. Mafuta ya nazi ni mazuri, nakubali. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo maabara zimeona inaua baadhi ya bakteria. Ila mbwa hakai maabara. Mbwa wa Malindi akipakwa mafuta asubuhi, anakwenda kulala mchangani, na saa nne anarudi kama samaki aliyepakwa unga tayari kwa kikaango.

Yana mahali pake. Viwiko vigumu vya mbwa mzee anayelala kwenye saruji, ncha ya pua iliyopasuka, magamba ya mgongoni baada ya kuoga: hapo yanasaidia kweli, hasa yale ya nyumbani, ya tui lililochemshwa hadi mafuta yakajitenga. Yale ya dukani ya nywele yenye manukato usiyaguse, manukato ndiyo yanayowasha. Chovya ncha ya kidole tu, kanda hadi yaingie, futa yaliyobaki juu.

Kwenye ngozi mbichi ni makosa, yanafunika unyevu na joto, na pale chini bakteria na kuvu wanapata nyumba. Akilamba ncha ya kidole si kitu. Akilamba nusu kikombe ataharisha, na mbwa mnene au aliyewahi kuugua kongosho anaweza kuumwa vibaya. Maji hayahitaji, kazi ni ndogo, na huku kwetu nazi haikosi. Inamfaa mbwa mkavu, anayelala ndani au juu ya mkeka.

Shubiri

Kwa ufupi. Ute mweupe wa katikati ya jani unapoza harara, lakini kati ya ganda na ute huo kuna utomvu wa njano unaoharisha, na mbwa akiulamba atakuharishia baraza. Menya, osha kwenye maji hadi njano iishe, paka pale tu ambapo ulimi haufiki, kama kisogoni. Ikiwa huwezi kuutenganisha vizuri, acha. Inamfaa mwenye mkono wa utulivu na kipele kimoja kidogo.

Shampuu ya klorheksidini

Hii ni ya duka la dawa za mifugo, na wakati mwingine itabidi uagize. Ndiyo ghali kuliko zote hapa. Za mbwa kwa kawaida zina asilimia 2 hadi 4, na kazi yake ni kuua bakteria. Zile zilizochanganywa na dawa ya kuvu zinashika na fangasi. Kama ngozi ina harufu ya maziwa yaliyochacha, ina vipele vyenye vichwa vya usaha, au inateleza kwa mafuta machafu, hakuna oti wala nazi itakayoshindana nayo.

Ina siri moja tu, nayo ni dakika kumi. Ukiipaka na kuisuuza papo hapo umetupa pesa. Mimi huweka simu ipige kengele, na hizo dakika kumi namshika Tomi kidevu huku namsimulia habari za mtaani ili asigeuke kulamba. Isiingie machoni wala masikioni. Ikisuuzwa vizuri haina shida, ikilambwa ingali na povu inachoma mdomo na kumtapisha. Mara mbili kwa wiki inatosha kwa wengi, fuata karatasi yake.

Kwa harara changa ya joto, isiyo na harufu wala usaha, ni kuua mbu kwa rungu, na kwa ngozi kavu itaikausha zaidi. Inamfaa mwenye mbwa ambaye tatizo lake linarudi, na hasa yule ambaye daktari ameshamwona mara moja akasema ni nini.

Visivyoingia kwenye mizani

Oili chafu ya gari. Nimewaona mbwa waliopakwa, weusi tii, na watu wanaapa kwamba upele uliisha. Ile oili ina sumu za mafuta na madini ya injini, inapita kwenye ngozi, na akijilamba inaweza kumwingia mapafuni. Dieseli vilevile. Dawa ya josho la ng'ombe, kwa kukisia kipimo kwa kifuniko cha chupa: amitrazi, kemikali iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, ikizidi inamlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Ile dawa ya kuulia vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini ni ya sakafu, inachoma ngozi ya mbwa na kwa paka ni sumu. Krimu za watu zenye zinki au steroidi zote zinaishia tumboni mwake.

Na usimpe vidonge vyako vya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Parasitamoli, kidonge kimoja kinaweza kuua paka.

Sasa, kwa hali yako

Kama wekundu uko tumboni na kwapani tu, mgongo safi, anza kwa kuuliza tumbo linagusa nini. Kwa Pippo, baada ya bahari kuniangusha, niligundua kwamba wiki ileile nilikuwa nimebadilisha dawa ya kudekia baraza, na yeye hulala pale pakiwa bado pana unyevu. Nilisuuza sakafu kwa maji matupu, nikamwekea mkeka, nikamkanda kwa maji ya chumvi ya kupima siku tatu pale palipokuwa pabichi, na palipokauka nikamalizia kwa oti. Simenti mpya na chokaa hufanya hivyohivyo, kwa hiyo nyumba iliyo kwenye ujenzi iangalie hilo mapema.

Kama tishu imeonyesha doa la kutu, pesa yako ya kwanza iende kwenye dawa ya viroboto ya mbwa, ya uzito wake, kisha lile gunia lichemshwe au lichomwe moto. Oti au mkilifi ni za kumpa usingizi usiku ule tu.

Kama maji yamekatika na una mtungi mmoja, chagua maji ya chumvi kwa pabichi au ncha ya kidole ya mafuta ya nazi kwa pakavu. Usimwogeshe nusunusu, sabuni iliyobaki kwenye manyoya inawasha kuliko harara yenyewe.

Kama anatoka baharini kila jioni na watoto, si lazima umkataze. Ndoo moja ya maji matamu akirudi, kuanzia mgongoni hadi kati ya vidole, na bakuli la maji ya kunywa kabla hajaondoka ili asiende kunywa mawimbi. Kati ya vidole angalia na funza wa miguuni, maana huyo hatulizwi kwa kitu chochote cha hapa.

Kama nyumbani kuna paka, mafuta ya mwarobaini yasiingie ndani, wala zile dawa za matone za mbwa zenye permethrini, kwa kuwa paka akilala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa anaweza kufa.

Kama analamba kupita kiasi, mvike fulana kuukuu ya mtoto, mikono ya mbele ndani ya mikono ya fulana, fundo juu ya kiuno. Luna huonekana kama anakwenda madrasa, lakini inafanya kazi kwa kipele cha kifuani na mgongoni. Cha mguuni kinataka ile kola ya plastiki ya daktari.

Kama zimepita siku tatu na hakuna nafuu, au kipele kinapanuka hata kabla ya siku tatu, acha kubadilisha dawa za nyumbani na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Siku hiyo usimpake kitu, daktari akikuta ngozi imejaa mafuta ya nazi au mkilifi hataweza kuona wala kukwangua chochote cha kupima. Mpelekee badala yake picha mbili: piga ya kwanza leo kabla hujapaka chochote, ukiweka sarafu ya shilingi 20 kando ya kipele, na kesho asubuhi piga nyingine kwa sarafu ileile.